Mwisho wa nyakati katika Talmudi na Midrashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Marabi wanaposema "mwisho", ni mwisho wa nini?

Marabi ni walimu wa sheria wa Kiyahudi; Talmudi ni mkusanyo wa mijadala yao, na Midrashi ni fafanuzi zao za Maandiko. Neno lao ni *kets*, yaani kikomo. Mara nyingi kinachokoma hapo ni kutawaliwa kwa Israeli na falme za kigeni, na dunia yenyewe inaendelea. Ndiyo maana anayefungua Talmudi akitarajia moto na nyota kuanguka hukutana kwanza na bei ya divai, mashamba na watoza ushuru.

Tenganisha mambo matatu tangu mwanzo, maana wengi huyakusanya yote wakayaita Kiyama. Kuna siku za Masihi, kipindi kilicho ndani ya historia. Kuna ufufuo wa wafu. Halafu kuna *olam haba*, ulimwengu ujao. Marabi hawakukubaliana jinsi matatu haya yanavyofuatana. Shmuel, mwanazuoni wa Babeli wa karne ya 3, alisema dunia hii na siku za Masihi hazina tofauti ila kutawaliwa na falme. Rabi Yohanan wa Tiberia alisema manabii wote walitabiri siku za Masihi tu. Ama ulimwengu ujao, jicho halijauona. Kauli zote mbili zimekaa kwenye ukurasa mmoja, Berakhot 34b, na hakuna aliyekata shauri.

Habari hizi ziko kitabu gani? Nataka kuzisoma mwenyewe.

Fungua Sanhedrini ya Talmudi ya Babeli, 96b hadi 99a. Hapo ndipo penye mzigo mkubwa. Ufufuo uko kuanzia 90a hadi 92b ya kitabu hichohicho. Mengine yametawanyika: Sota 9:15 katika Mishna (mkusanyo wa sheria wa karibu mwaka 200, ambao Talmudi inaujadili), Avoda Zara 9a–9b kwa hesabu za miaka, Sukka 52a kwa Masihi mwana wa Yosefu, Bava Batra 74b–75a kwa Lewiathani, joka la bahari, Megilla 17b kwa mpangilio wa matukio.

Namba ni ya karatasi. Herufi a ni upande wake wa kwanza, b ni wa pili. Mpangilio huo umeshikwa na matoleo karibu yote tangu Daniel Bomberg alipochapa Talmudi mjini Venice kati ya 1520 na 1523. Faida yake ni kwamba mtu akikutumia ujumbe kwenye simu, "Talmudi imetabiri vita hivi", unaweza kumwomba namba ya karatasi. Akikosa kuitoa, achana naye. Akiitoa, isome pamoja na mistari kumi inayofuata, kwa sababu Talmudi ni mabishano, na kauli uliyotumiwa huenda ilipingwa hapohapo chini yake.

Kwa nini marabi wanazungumzia mwisho kwa tahadhari hivyo?

Kwa sababu walishaungua. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70. Mwaka 115 hadi 117 Wayahudi wa Misri, Kurene na Kipro waliinuka dhidi ya Roma wakaangamizwa. Mwaka 132 Simoni bar Kosiba, aliyepewa jina la Bar Kokhba, "mwana wa nyota", aliongoza uasi mwingine Uyahudi; ulizimwa mwaka 135 kwa umwagaji damu mkubwa.

Talmudi ya Yerusalemu (Taanit 4:8) inasema Rabi Akiva, mwalimu mkubwa kuliko wote wa zama zake, alipomwona Bar Kosiba alitamka: "Huyu ndiye mfalme Masihi." Rabi Yohanan ben Torta akamjibu: "Akiva, majani yataota mashavuni mwako, na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja." Yaani utakufa, utazikwa, nyasi ziote juu yako. Waliokusanya Talmudi waliacha jibu hilo kavu limkabili Akiva bila kulipunguza makali. Soma kila kauli ya baadaye juu ya mwisho ukiwa na jibu hilo masikioni.

Dalili za kukaribia kwa Masihi ni zipi?

Orodha mashuhuri iko Sota 9:15. Ufidhuli utazidi na gharama za maisha zitapanda. Mzabibu utazaa lakini divai itakuwa ghali. Serikali itageukia uzushi, na hatakuwepo wa kukemea. Nyumba walimokutana wanazuoni itakuwa danguro. Galilaya itaharibiwa, Gavlan itakuwa ukiwa, na watu wa mipakani watazunguka mji hadi mji wasihurumiwe. Vijana watawatahayarisha wazee, wazee watasimama mbele ya watoto. Uso wa kizazi utakuwa kama uso wa mbwa. Inafungwa kwa swali: basi tumtegemee nani? Baba yetu aliye mbinguni.

Angalia kwamba dalili mbili zina majina ya mahali, Galilaya na Gavlan (Golani ya leo). Hayo ni maeneo ya waliosema maneno hayo, na ukiwa huo wanauona kwa karibu. Zilizobaki hazina tarehe wala mahali, na hakuna karne ambayo wazee hawakulalamika hivyohivyo. Kama dalili zinafaa kila zama, hazikusaidii kujua zama zako.

Nimesikia kuna mpango wa miaka saba. Unakwendaje?

Uko Sanhedrini 97a, na ndiyo ratiba iliyo wazi kuliko zote:

Mwaka wa 1, mvua inanyesha mji mmoja na kukosekana mwingine, kama Amosi 4:7. Mwaka wa 2, mishale ya njaa inatumwa; hakuna anayeshiba sawasawa. Mwaka wa 3, njaa kuu: wanakufa wanaume, wanawake na watoto, wachamungu na watenda miujiza, na Torati inasahauliwa na wanaoisoma. Mwaka wa 4, kuna shibe na hakuna shibe. Mwaka wa 5, shibe kubwa; watu wanakula, wanakunywa, wanafurahi, na Torati inawarudia wasomaji wake. Mwaka wa 6, sauti. Mwaka wa 7, vita. Mwisho wa mwaka wa 7 mwana wa Daudi anakuja.

"Sauti" za mwaka wa sita zimewapa kazi wafasiri. Wako waliosema ni uvumi kwamba Masihi yu njiani, wengine wakasema ni baragumu.

Wasambazaji wa ratiba hii huishia hapo. Talmudi haikuishia. Rav Yosef anasema mara moja: mizunguko mingi ya namna hiyo imepita, naye hakuja! Abaye, mwanafunzi wake, anamjibu kwa swali: je, mwaka wa sita kulikuwa na sauti, na wa saba vita? Na je, yalikuja kwa mpangilio huo? Yaani ratiba haijakanushwa, ila sharti lake ni gumu hivi kwamba karibu haliwezi kutimia. Bila mpangilio kamili, njaa ni njaa tu na vita ni vita tu.

Ajabu nyingine ni mwaka wa 5. Katika mafunuo mengi ya kale shida hupanda ngazi moja kwa moja hadi kilele. Hapa shibe inaingia katikati, kabla ya vita. Huu ni mwendo wa mkulima anayehesabu misimu katika mzunguko wa sabato ya ardhi, ambao nao ni wa miaka saba.

Ni kweli marabi walisema dunia itadumu miaka 6000?

Ni moja ya kauli zao. Mafundisho ya shule ya Eliya (Sanhedrini 97a na Avoda Zara 9a) yanasema: miaka 2000 ya utupu, 2000 ya Torati, 2000 ya siku za Masihi, kisha yanaongeza, "kwa dhambi zetu zilizokithiri, imeshapita iliyopita." Rav Katina alisema dunia miaka 6000 na elfu moja ukiwa. Abaye alisema ukiwa ni elfu mbili.

Hesabu ya 2000 za kwanza inafanyika hivi. Kwa mapokeo Abrahamu alizaliwa mwaka 1948 tangu uumbaji. Torati inahesabiwa kuanza na "watu waliowapata huko Harani" (Mwanzo 12:5), aliokuwa akiwafundisha, na mapokeo yanasema wakati huo alikuwa na miaka 52. 1948 + 52 = 2000. Ukiongeza 448 unafika 2448, mwaka wa kupewa Torati Sinai. Zile 2000 za Masihi zilifunguka mwaka 4000, ambao ni 239/240 ya kalenda ya kawaida, siku za wanazuoni wenyewe waliokuwa wakinukuu maneno haya. Kumbe kauli hii haikuwa utabiri wa mbali. Ilikuwa maelezo ya kuchelewa: mlango umefunguliwa na hajaingia mtu.

Nabadilishaje mwaka wa Kiyahudi kuwa wa kawaida?

Toa 3760. Jibu ni mwaka ambamo mwaka huo wa Kiyahudi unaisha; ulianza Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mfano: 5786 − 3760 = 2026, kwa hiyo ulianza Septemba 2025. Mwaka 6000 ni 2239/2240. Kwa miaka ya kabla ya Kristo, anza na 3761 utoe mwaka wa Kiyahudi: 3761 − 2448 = 1313 KK.

Sasa jaribu tarehe zilizomo katika Talmudi yenyewe:

Nabii Eliya, ambaye katika Talmudi huwatokea wanazuoni, alimwambia Rav Yehuda, ndugu yake Rav Sala mchamungu, kwamba dunia haitapungua yubile 85 (vipindi vya miaka 50), na katika yubile ya mwisho mwana wa Daudi atakuja (Sanhedrini 97b). 85 × 50 = 4250, yaani 490. Yubile ya mwisho inaanza 4201, yaani 440/441. Rav Yehuda akauliza: mwanzo wake au mwisho wake? Eliya akasema, sijui.

Rabi Hanina (Avoda Zara 9b): zikipita miaka 400 tangu kubomolewa Hekalu, mtu akikuambia nunua shamba la dinari 1000 kwa dinari moja, usinunue. Mafundisho mengine hapohapo yanaweka onyo hilo mwaka 4231, yaani 470/471. Talmudi inasema hesabu hizi mbili zinapishana kwa miaka mitatu, na ni kweli: kwa hesabu yao Hekalu lilianguka 3828, na 3828 + 400 = 4228.

Kisha kuna gombo. Rav Hanan bar Tahlifa alimpelekea Rav Yosef habari ya mtu aliyekuwa na gombo kwa herufi za Kiashuri na lugha takatifu, yaani Kiebrania, lililookotwa katika hazina za Roma. Liliandikwa: baada ya miaka 4291 (530/531) dunia itakuwa yatima, baadhi ya miaka ni vita vya majoka wa bahari, baadhi vita vya Gogu na Magogu, iliyobaki siku za Masihi, na Mungu hataumba upya ulimwengu wake ila baada ya miaka 7000.

Hesabu hizi hukosewa wapi?

Mahali pa kwanza ni yubile. Wengi wa wanazuoni walihesabu miaka 50. Rabi Yehuda alishika kwamba mwaka wa hamsini ndio pia wa kwanza wa yubile inayofuata (Nedarim 61a), kwa hiyo 49. Ukifuata yeye, 85 × 49 = 4165, na mwisho unasogea hadi 405. Herufi haikubadilika hata moja, na tarehe imehama miaka 85.

La pili ni mwaka wa kwanza. Wako wanaouanzia uumbaji wenyewe na wanaouanzia hatua ya kabla au baada yake. Ndiyo maana utakuta Hekalu limeanguka 3828 mahali pamoja na 3830 mahali pengine, wakati wote wanazungumzia kiangazi kilekile cha mwaka 70.

La tatu ndilo zito. Hesabu ya mapokeo, inayotokana na Seder Olam, kitabu cha kale cha Kiyahudi cha kuhesabu miaka, inaipa Hekalu la Pili miaka 420 na kuubana utawala wa Uajemi wakati Hekalu limesimama kuwa miaka 34. Wanahistoria wanaliweka Hekalu hilo kati ya 516 KK na 70, karibu miaka 585. Pengo ni kama miaka 165. Anayetaka kuoanisha mwaka 6000 na tarehe za vitabu vya historia, na hasa anayechanganya majuma sabini ya Danieli humo, atavunjika mguu kwenye pengo hilo.

Je, kukokotoa mwisho kunaruhusiwa?

Rabi Shmuel bar Nahmani alisema kwa jina la Rabi Yonatan: "Mifupa ya wanaokokotoa mwisho na ipasuke." Sababu imetolewa palepale (97b): wakati ukifika asije, watu husema hatakuja tena kamwe. Anayekokotoa anaua kungoja. Rabi Zeira, akiwakuta wenzake wanashughulika na hesabu hizo, aliwasihi wasiucheleweshe ujio, kwa kuwa vitu vitatu huja pasipo kutazamiwa: Masihi, kitu cha kuokota, na nge.

Madhara yake hayakuwa ya kufikirika. Katikati ya karne ya 5, ndani ya ile yubile ya 85, mtu mmoja kisiwani Krete alijitangaza kuwa Musa aliyerudi. Mwanahistoria Mkristo Socrates Scholasticus anaandika kwamba alizunguka miji ya kisiwa mwaka mzima, watu wakaacha mali zao, akawapeleka hadi kwenye genge juu ya bahari na kuwaamuru wajitupe. Wa mbele walijitupa. Wengi walikufa, wavuvi waliokuwa karibu wakawaopoa waliobaki. Kiongozi hakuonekana tena.

Na bado laana haikumzuia kila mtu. Saadia Gaon, mwanazuoni wa karne ya 10, alipiga hesabu za Danieli. Maimonides, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi, katika barua yake kwa Wayahudi wa Yemen ya mwaka 1172, alikataza kukokotoa, kisha akataja mapokeo ya familia yake kwamba unabii utarudi mwanzoni mwa karne ya 13. Alikuwa akiwaandikia watu waliolazimishwa kubadili dini na wenye mdai umasihi mlangoni. Pengine aliona kukataza tu hakutoshi.

Masihi yuko wapi sasa hivi?

Kwa kisa cha Sanhedrini 98a, yuko lango la Roma. Rabi Yehoshua ben Levi alimkuta Eliya kwenye mlango wa pango la Rabi Shimon bar Yohai, akamuuliza Masihi atakuja lini. "Nenda ukamuulize mwenyewe." Nitamtambuaje? Amekaa kati ya maskini wenye magonjwa. Wenzake wote hufungua bandeji zao zote kwa pamoja, wakasafisha, wakafunga zote. Yeye hufungua kidonda kimoja, akakifunga, ndipo anafungua kingine. Husema moyoni: huenda nikahitajiwa, nisichelewe.

Rabi akaenda. "Amani juu yako, bwana wangu na mwalimu wangu." "Amani juu yako, mwana wa Levi." "Unakuja lini, bwana?" "Leo."

Siku ikapita. Rabi akarudi kwa Eliya akilalamika kuwa amedanganywa. Eliya akamfafanulia: alimaanisha "leo, kama mtaisikia sauti yake", Zaburi 95:7.

Ile bandeji moja moja inafaa kuangaliwa. Mwenye vidonda kumi vilivyo wazi kwa pamoja hawezi kuinuka akiitwa. Mwenye kidonda kimoja wazi anakifunga na kuondoka.

Ni Masihi mmoja au wawili?

Sukka 52a inamtaja Masihi mwana wa Yosefu, anayeuawa, na Masihi mwana wa Daudi. Mjadala ni juu ya maombolezo ya Zekaria 12: mmoja anasema ni ya Masihi mwana wa Yosefu, mwingine anasema ni ya matamanio mabaya yatakapochinjwa. Talmudi haisemi mengi zaidi juu ya mwana wa Yosefu. Simulizi zake ndefu zilikuja baadaye.

Armilos ni nani? Ndiye Dajali?

Armilos hayumo katika Talmudi. Anatokea katika Sefer Zerubbabel, maandishi ya Kiebrania ya mwanzoni mwa karne ya 7, Waajemi na Warumi wa Konstantinopoli walipokuwa wakinyang'anyana Yerusalemu: Waajemi waliitwaa 614, Kaisari Heraclius akairudisha. Humo Armilos anazaliwa na Shetani kutokana na sanamu ya jiwe ya mwanamke mzuri iliyoko Roma. Ana macho yaliyopinda na vichwa viwili. Anamuua Nehemia ben Hushiel, Masihi wa ukoo wa Yosefu, kabla ya kushindwa na Menahemu ben Ammiel, wa ukoo wa Daudi. Kuna pia Hefsiba, mama yake Menahemu, aliyepewa fimbo na kwenda vitani, mwanamke wa nadra katika fasihi hii.

Aliyelelewa na hadithi za Dajali mwenye chongo atasikia mwangwi, na si ajabu: simulizi hizi zilikua katika karne zilezile na nchi zilezile. Ila jukumu lao halilingani. Armilos ni kivuli cha Roma ya Kikristo, na silaha yake ya kwanza ni kuabudiwa kwa sanamu ya mama yake.

Na Gogu na Magogu?

Wametoka Ezekieli 38–39, na msomaji wa Kurani anawajua kama Yajuju na Majuju. Mishna (Eduyot 2:10) inatoa kipimo kimoja: hukumu yao ni miezi 12. Kwa kauli hiyohiyo hukumu ya waovu Jehanamu nayo ni miezi 12, sawa na ya kizazi cha gharika, ya Ayubu na ya Wamisri. Wengi hushtuka wakisikia Jehanamu yenye mwisho, lakini ndivyo ilivyoandikwa, pamoja na kauli pinzani ya Rabi Yohanan ben Nuri: kuanzia Pasaka hadi Pentekoste tu.

Wafu watafufuliwaje kama mwili umeoza?

Midrashi Bereshit Rabba 28:3 inasema Kaisari Hadrian alimuuliza swali hilihili Rabi Yehoshua ben Hanania. Jibu: kutokana na *luz*, mfupa mdogo wa uti wa mgongo. Thibitisha, akasema Kaisari. Wakauletea maji, haukuyeyuka. Moto, haukuungua. Jiwe la kusagia, haukusagika. Wakauweka juu ya fuawe wakaupiga nyundo: fuawe ikapasuka, nyundo ikavunjika, mfupa haukupungua kitu. Wanaofahamu hadithi ya Bukhari na Muslim kuhusu mfupa wa kifandugu usiooza wataona undugu.

Watafufuka wakiwa uchi? Rabi Meir alijibu kwa ngano (Sanhedrini 90b): punje huzikwa uchi na kuchomoza na mavazi mengi, sembuse wachamungu waliozikwa na nguo zao.

Waliozikwa mbali na Nchi ya Israeli watabiringika hadi huko, na kwa kuwa kubiringika kunauma, watachimbiwa njia chini ya ardhi (Ketubot 111a).

Karamu ya Lewiathani ni ya kweli au ni mfano?

Bava Batra 74b inaeleza utayarishaji kama mpishi: Lewiathani aliumbwa dume na jike, wangezaana wangeiharibu dunia, Mungu akamhasi dume, akamuua jike na kumtia chumvi kwa ajili ya wachamungu. Nyama italiwa, ngozi itakuwa kibanda chao. Divai imehifadhiwa ndani ya zabibu zake tangu siku sita za uumbaji. Maimonides aliona yote hayo ni lugha ya mafumbo. Wengine waliyachukua kama yalivyo.

Je, mwisho una athari yoyote katika sheria za kila siku?

Unayo, tena kwa senti. Watu wawili wameweka amana kwa mtu mmoja, mmoja zuz (sarafu za fedha) 100 na mwenzake 200, na sasa kila mmoja anadai 200 ni zake. Mishna (Bava Metzia 3:4): kila mmoja apewe 100, zilizobaki zikae hadi Eliya atakapokuja. Rabi Yosi alipinga: hapo laghai amepoteza nini? Zikae zote.

Au mtu ameapa, "Niwe mnadhiri (aliyejizuia divai) siku atakayokuja mwana wa Daudi." Eruvin 43a: Sabato na sikukuu anywe divai, kwa kuwa hatazamiwi kuja siku hizo; siku za kawaida ni marufuku, maana kila siku huenda ikawa ndiyo. Kutoka hapo wanazuoni wanaingia kujadili kama mpaka wa kutembea siku ya Sabato, dhiraa 2000, unafanya kazi juu ya urefu wa viganja 10 kutoka ardhini, ikiwa ajaye anakuja kwa njia ya juu.

Ujio unategemea toba au unakuja tu?

Rabi Eliezer: wakitubu watakombolewa, wasipotubu hawatakombolewa. Rabi Yehoshua: watakombolewa vyovyote. Kila mmoja alitoa aya nne, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa ya Yehoshua, Danieli 12:7. Rabi Eliezer akanyamaza. Rabi Yehoshua ben Levi aliunganisha kwa Isaya 60:22: wakistahili, nitauharakisha, wasipostahili, kwa wakati wake.

Yupo aliyesema Masihi hatakuja?

Rabi Hillel (huyu si yule Hillel mkubwa): "Israeli hawana Masihi, walishamla siku za Hezekia." Yaani ahadi ya Masihi ilishatimia zamani, enzi za mfalme huyo wa Yuda. Rav Yosef alijibu, "Mola wake amsamehe," kisha akaleta aya ya Zekaria, nabii wa baada ya Hezekia (99a). Hawakumfuta kitabuni.

Marabi wenyewe walitamani kumwona?

Si wote. Ulla alisema: "Aje, nami nisimwone." Rabba akasema vivyo hivyo. Rav Yosef akasema: "Aje, na nijaliwe kuketi katika kivuli cha mavi ya punda wake." Abaye akamshangaa Rabba: unaogopa uchungu wa kuzaliwa kwake, yaani dhiki zitakazomtangulia? Dawa ipo, Torati na matendo mema, na wewe unavyo vyote. Rabba akajibu kwamba huenda dhambi ikaviharibu.

Rabi Yohanan naye alisema aje asimwone. Resh Lakish, shemeji yake, akamuuliza kama ni kwa ajili ya aya ya Amosi 5:19, mtu akimkimbia simba akutane na dubu, aingie nyumbani aumwe na nyoka. Kama ni hilo, akasema, njoo nikuonyeshe mfano wake katika dunia hii hii: mtu anakwenda shambani, anakutana na msimamizi, huyo ni simba. Anaingia mjini, anakutana na mtoza kodi. Huyo ni dubu. Anaingia nyumbani kwake, anawakuta wanawe na binti zake wamelala njaa.